Panya Sita wa Daktari Ok

Yeongyang, 27 Oktoba 2003

Daktari Ok Jin-suk,

Nimefika nyumbani salama, ila mgongo wangu nadhani umebaki Daegu. Dereva wa basi alikuwa anakata kona za huku milimani kama mtu anayekimbizwa. Nikamwambia apunguze. Akanijibu kitu, sikusikia. Unayajua masikio yangu. Simu kwangu ni chuma kinachotetemeka tu, ndiyo maana nakuandikia.

Na mtu asikuambie kwamba Pyo Deok-su hajui kuandika. Nilifundishwa jeshini na sajenti aliyekuwa anatupiga vidole kwa rula, na vidole hivi ndivyo vilivyoandika kadi za vizimba vya taasisi yenu miaka thelathini na moja, na hakuna panya hata mmoja aliyewahi kulalamika. Mke wangu amesimama nyuma yangu hapa, anasema, "Herufi zako zinatembea kama bata." Mwache aseme. Bata wanafika.

Sasa ile ibada ya Ijumaa ya kuwakumbuka wanyama wa maabara. Nakushukuru kwa kunialika tena. Tangu nistaafu miaka miwili iliyopita hamjaniacha, na mna akili kutoniacha, kwa sababu bila mimi ile si ibada tena, ni watu waliovaa makoti meupe wamesimama mbele ya jiwe. Umeona yule Tak, aliyechukua kazi yangu, alivyopanga matunda? Matunda mekundu ya persimoni kayaweka magharibi, mahali pa peasi nyeupe. Mekundu mashariki, meupe magharibi, hata mtoto anajua. Nikayahamisha mwenyewe, naye akanitazama tu. Halafu anavyoinama. Wanyama wamekufa mwaka mzima kwa ajili yetu, panya, sungura, mbwa wawili, na yeye anawainamia kama mtu anayetafuta kifungo cha shati kilichoanguka.

Mimi sisemi kitu. Nasema tu mtazame. Nilimwachia chumba changu kikinuka sabuni, leo kinanuka mtu mwenye haraka.

Jambo jingine. Wale panya arobaini uliowapandikiza saratani ya ini. Nusu wanapata maji matupu, nusu wanapata ile dawa mliyoiandika D. D ni nini? Nilimuuliza Tak, akasema hajui. Nikakuuliza wewe, ukacheka ukaniongezea chai. Mtu akiongezewa chai badala ya kujibiwa, anajua anafichwa.

Pilipili zangu zimekauka vizuri kuliko za kijiji kizima. Nitakutumia mfuko.

Mimi,
Pyo Deok-su


Daegu, 31 Oktoba 2003

Mzee Pyo,

Pole na safari. Ningependa barua hii iwe ya kukushukuru tu, lakini kuna jambo, na naomba ulisome na Mama peke yenu.

Siku ileile ya ibada, saa kumi na moja jioni, nilipita chumba cha panya. Panya wa D walikuwa wamelala ubavu, wanahema kwa shida. Kufika Jumamosi asubuhi, sita walikuwa wamekufa. Sita kati ya ishirini. Wengine walichukua siku mbili kusimama sawasawa. Upande wa maji hakuna aliyeugua hata kidogo.

Unajua maana yake. Kamati inayosimamia majaribio inakaa tarehe 28 Novemba. Wakiamua kwamba dawa ndiyo iliyoua, jaribio linafungwa, na D haitaguswa tena na mtu yeyote hapa kwa ajili ya ini. Miaka minne ya kazi yangu, Mzee. Na kule nje kuna wagonjwa ambao sina kingine cha kuwajaribia.

Lakini siamini kwamba ni dawa. Wiki tisa wameinywa bila tatizo, halafu waugue wote mchana mmoja? Mashine ya mlango inaonyesha kadi ya Tak ilifungua saa tisa na dakika kumi na mbili, wakati sote tuko nje tunakula chakula cha ibada. Nikamuuliza alikwenda kufanya nini. Akasema kubadilisha maji. Maji hubadilishwa Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia hivyo. Akaangalia viatu vyake.

Wewe ulikuwa upande ule wa jengo ukisubiri basi. Ulimwona? Na unajua nini juu ya mikono yake, uzembe wake, chochote? Niandikie kila kitu, utie sahihi na muhuri wako wa jina. Neno la mtu aliyekitunza chumba kile miaka thelathini na moja, kamati italisikiliza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kumshika panya bila kumtisha. Naomba unisaidie na hili.

Daktari Ok Jin-suk


Yeongyang, 5 Novemba 2003

Daktari Ok,

Nilikuambia au sikukuambia? Nilisema mtazame. Wino ulikuwa haujakauka.

Andika kwenye faili lako. Kwanza, Tak anapiga mluzi chumbani. Panya wa saratani hapigiwi mluzi, anashtuka, akishtuka hali chakula. Pili, anabadilisha maranda ya vizimba vinane kwa dakika ishirini. Mimi nilikuwa natumia saa nzima, na mwenzangu mmoja aliyejaribu kunishinda aling'atwa vidole vitatu. Tatu, ananawa mikono kama paka. Nne, kabla ya hapo alikuwa kwenye ng'ombe. Mtu wa ng'ombe hajui kitu kidogo. Akimpa panya dawa anaona matone mawili ni sawa na matatu.

Saa tisa na dakika kumi na mbili unayoiuliza, ndiyo, alifungua mlango kwa kadi yake. Nimemwona kwa macho yangu haya, ambayo hayana kasoro, ubovu uko masikioni tu.

Usiishie kwa Tak lakini. Chakula cha panya kinatoka wapi siku hizi? Ile mifuko mipya ya buluu siipendi. Na yule daktari wa ghorofa ya tatu aliyekuwa anataka chumba chako, siku ya ibada alikula sana na kucheka sana. Mimi naona kila kitu.

Sahihi nitatia. Muhuri upo, mke wangu ameutoa kabatini. Lakini kuna sharti. Siweki jina langu chini ya jambo lenye herufi moja. D ni nini? Unaniambia watu wamekufa, maana kwangu wale ni watu, na hutaki kuniambia walikuwa wanakunywa nini. Ungekuwa wewe ungetia sahihi? Mke wangu anasema, "Mtilie sahihi huyo binti wa watu, umezidi ubishi." Nikamwambia ubishi ndio uliompatia mume. Akasema hajui kama hiyo ni sifa.

Niambie D. Ukiniambia, natia sahihi siku hiyohiyo.

Pyo Deok-su


Daegu, 8 Novemba 2003

Mzee Pyo,

Ni mimi, Tak Yeong-bae, niliyechukua kazi yako. Nisamehe kukuandikia bila kukujulisha kwanza.

Daktari ameniita mara tatu. Mara ya tatu alikuwa na karatasi mezani, akasema kuna mtu mzima ameniona nikifungua mlango. Sikuuliza ni nani. Mtu mzima aliyekuwepo pale ni mmoja.

Mzee, sijasema kwamba nilikufungulia wewe. Ulinijia na kile kikopo cha chakula, ukasema, "Fungua, nikawasalimie wangu." Nikakuambia sheria hairuhusu. Ukaniambia sheria hizo umezikuta changa umeziacha zimezeeka. Ningefanya nini? Kwetu hatumwambii mzee aliyetutangulia kazini hapana mara mbili. Nilisimama mlangoni nikakupa mgongo, ili uwasalimie kwa heshima yako. Ulikaa ndani kama dakika kumi. Nilipoingia kesho yake sikuona mabaki yoyote, niliona tu wale sita.

Nikisema ulikuwa ndani, nimemvunjia heshima mzee na nimekiri kuvunja sheria. Nisiposema, ni mimi. Kwa vyovyote naona nimeondoka. Mwanangu mkubwa anaanza sekondari mwezi wa tatu.

Naomba kitu kimoja. Niambie ulichowapa kilikuwa nini, na kama kilikuwa safi. Ukiniambia ni safi, nitaamini, na nitanyamaza.

Tak Yeong-bae


Yeongyang, 11 Novemba 2003

Tak,

Kama kilikuwa safi! Mtu aliyewahi kuniuliza hivyo mara ya mwisho alikuwa mkuu wa taasisi, na aliniomba radhi mbele ya chai.

Nakujibu kwa sababu uliniita mzee. Nilichowapa ni mgao wao. Chakula cha ibada kikishawekwa mbele ya marehemu kinarudi kwa jamaa waliobaki, wanakila, ndipo baraka inakaa nyumbani. Hilo hukufundishwa kwenu? Na jamaa wa panya waliokufa ni nani? Ni wewe na Daktari mnaokula nyama kwenye nyasi pale nje? Ni panya walio hai. Kila mwaka, ibada ikimalizika, niliwapelekea. Kipande cha keki ya mchele cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, nimekilowesha kwenye pombe ya mchele iliyomiminwa mbele ya jiwe. Viwili kwa kila kizimba ili wasigombane. Walikula chote, hawakuacha chembe, ndiyo maana hukuona mabaki.

Keki hiyohiyo nilikula mimi. Iliyobaki mke wangu aliila Jumapili na juzi alibeba magunia mawili ya kabichi peke yake. Pombe hiyohiyo ulikunywa wewe, vikombe viwili, nilihesabu. Na panya wa maji walipata vipande sawa na wa D, nao wazima. Sasa niambie, chakula kimoja kinawezaje kuua upande huu na kuacha upande ule? Hakiwezi. Kwa hiyo ni mikono yako au ni hiyo dawa, na dawa Daktari anasema siyo.

Sikumwambia Daktari kuhusu mgao kwa sababu hauhusiki. Na wewe usimwambie, utamchanganya.

Ujifunze kuinama.

Pyo Deok-su


Daegu, 12 Novemba 2003

Mzee Pyo,

Asante kwa pilipili. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa napima.

Umeshinda, nakuambia. Sikukuficha kwa kukudharau. Watunzaji hawaambiwi jina la dawa ili mkono usimpendelee panya yeyote. Na pia, nisiseme uongo, niliogopa utacheka.

D si dawa mpya. Ni kidonge cha zamani kuliko mimi, disulfiramu, kile wanachopewa walevi ili waache pombe. Ukikinywa peke yake hakikufanyi kitu. Ukigusa pombe tu, hata tone, mwili unakataa: uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, unatapika, unaishiwa pumzi. Kuna waliokufa. Sisi tuligundua kwamba kidonge hichohicho, kwenye vyombo vya kioo, kinazinyonga chembe za saratani ya ini. Ndiyo maana nilikijaribu kwa panya. Kingefaa, kingekuwa dawa ambayo hata mkulima wa huko kwenu angeimudu, maana tayari ipo kwenye kila duka la dawa.

Sasa unajua kila kitu ninachojua. Naomba maelezo yako juu ya Tak yenye sahihi, kabla ya tarehe 20. Sifurahii kumfanyia hivi. Lakini kama si yeye, ni dawa, na siwezi kuiacha iwe dawa.

Daktari Ok Jin-suk


Yeongyang, 17 Novemba 2003

Daktari Ok,

Barua yako ilifika juzi. Aliisoma mke wangu kwanza kwa sababu miwani yangu ilikuwa shambani. Alisoma mpaka kwenye kidonge, akaniangalia.

"Ni vile vya kaka yangu," akasema.

"Vipi?"

"Vile alivyopewa hospitali. Halafu sikukuu ile ya mavuno, Chuseok, akanywa kikombe kimoja kwa baba yetu, mkambeba kwenye ubao wa mlango."

Nilikuwa mmoja wa waliombeba. Shemeji yangu alikuwa mwekundu kama pilipili zangu, moyo wake uliuona ukiruka kwenye shati. Kikombe kimoja. Alipona, lakini mwaka ule hatukuimba.

Nimekaa siku mbili bila kuandika. Mke wangu ameweka karatasi mezani, ameondoa karatasi, ameiweka tena. Sasa naandika, na naandika mara moja tu, usije ukaniambia nirudie.

Niliwapa pombe. Niliingia chumbani mwako na keki ya ibada iliyoloweshwa pombe ya mchele, nikawapa wote, wa D na wa maji, vipande viwili kwa kizimba. Niliwapa mgao wao. Kadi ilikuwa ya Tak, lakini mdomo uliosema fungua ni wangu. Alikataa, nikamlazimisha, na alisimama kwa kunipa mgongo muda wote. Hakuona kitu. Hakugusa kitu. Amenyamaza kwa sababu yangu, wakati mimi namwandika mambo ya mluzi. Mluzi anapiga kweli, hilo silifuti. Mengine yote niliyoandika tarehe 5, yachane.

Usiseme nimekosea. Nilifanya ilivyopaswa kufanywa. Ungeniambia D ni nini siku niliyokuuliza, nisingegusa kile kikopo. Uliniongezea chai.

Lakini kuna hili, na ningeweza kuliacha, wala usingelijua. Nilipokuwa nafunga kikopo, panya mmoja wa kizimba cha tatu alikuwa na masikio mekundu. Mekundu hasa, kama karatasi ya sherehe. Nimewatunza panya miaka thelathini na moja, nikimwona panya najua kalala vipi jana. Nikayaona yale masikio, nikasimama. Halafu nikajisemea amefurahi. Nikatoka.

Ningekuita pale pale, ungewaokoa wangapi?

Pyo Deok-su


Daegu, 20 Novemba 2003 (kwa barua ya haraka)

Mzee Pyo,

Niliposoma barua yako nilifunga mlango wa ofisi yangu nikakaa chini sakafuni. Ungekuwa karibu nisingejua nikufokee au nikuinamie.

Nimemwita Tak, nimemwomba radhi. Alisema, "Mzee mwenyewe ndiye aliyeandika?" Nikasema ndiye. Akaomba ruhusa atoke nje kidogo.

Sasa sikiliza. Dawa haikuua. Ni dawa pamoja na pombe, na hilo kila daktari wa dunia hii analijua. Na nimewapima wale kumi na wanne wa D waliobaki. Uvimbe wa ini wao haufiki nusu ya ule wa panya wa maji. Nimepima mara tatu, mara ya tatu kwa mikono ya mtu mwingine. Kamati ikikubali maelezo yako, itaturuhusu kuanza upya na panya arobaini wengine. Nina uhakika.

Tatizo ni moja. Mtu wa maabara ya chini amesikia kwa Tak kwamba umesema "kila mwaka". Mzee, ukilisema hilo mbele ya kamati, hawataishia kwa D. Watataka kujua ni panya gani waliopewa pombe, mwaka gani, na kazi ipi ilitoka kwao. Kazi iliyonipa udaktari, ya 1994, ilikuwa ya maini ya panya, chumba hichohicho. Ya mwalimu wangu marehemu pia, karibu zote. Kipande cha ukucha mara moja kwa mwaka hakiwezi kuwa kimebadilisha kitu, naamini hivyo, lakini kamati haitaki imani. Watafungua makabati yote. Jina la kiongozi wa jaribio likiwa na doa, jaribio lenyewe linaweza kukaa miaka.

Nimekupigia chapa karatasi. Ipo ndani ya bahasha hii. Inasema uliingia mara moja, mwaka huu, siku ya ibada, na imemsafisha Tak kabisa. Si uongo. Kila neno lililomo ni kweli. Weka muhuri wako tu urudishe. Miaka mingine wala huulizwi.

Na barua hii ukishaisoma, ichome.

Ok Jin-suk


Yeongyang, 23 Novemba 2003

Daktari,

Karatasi yako nimeisoma mwenyewe, kwa miwani. Inasema Pyo Deok-su aliingia "mara moja, kwa bahati mbaya, bila mazoea".

Bila mazoea.

Nimekaa nayo tangu asubuhi. Mtu anayeingia mara moja bila mazoea ni mhuni aliyekuta mlango wazi. Mimi nilikuwa na utaratibu. Nilianza 1971, kikopo kikiwa cha askari, na sikuruka mwaka. Mwaka niliovunjika mguu nilipelekwa na toroli ya chakula cha sungura. Mwaka aliokufa mama yangu nilitoka kwenye matanga yake nikapanda treni, nikawapa, nikarudi matangani. Hata baada ya kustaafu, mwaka jana niliingia, yule aliyeshika zamu ya Tak siku ile alinifungulia, na mwaka huu pia. Jumla ni thelathini na tatu. Halafu nikubali karatasi inayosema moja?

Mke wangu anasema, "Safari hii umezidi, utamharibia binti." Nikamuuliza, "Ungekuwa wewe umepika miaka thelathini na tatu, watu waseme umepika mara moja?" Akasema, "Si suala la kupika." Halafu akakaa, akasema, "Lakini nisingekubali."

Tena kuna jambo hulijui. Unasema kipande cha ukucha. Mwaka 1994 panya walikuwa wako. Nakumbuka, uliwapa majina na ukakana. Ulikuwa unalala kwenye kiti mle chumbani, umekonda, na nilikuwa nakuombea. Wako niliwapa kipande kikubwa zaidi. Cha kidole kizima, na kimelowa kweli kweli. Nilitaka baraka ikae kwako.

Huo ndio ukweli, na nisipousema mimi hakuna panya atakayeusema. Wagonjwa utakaowapa hiki kidonge kesho watakuwa wanakiamini kwa sababu ya maandishi yenu. Mimi si msomi, lakini najua kadi ya kizimba ikiandikwa vibaya kila kitu kinachofuata ni vibaya, hata kikiandikwa vizuri.

Kwa hiyo nimeandika ya kwangu, kurasa tatu, kila mwaka na mstari wake, na mihuri mitatu kwa sababu mmoja ulipinda. Nimeipeleka posta leo kwa rejista, moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati. Karatasi yako ya chapa na barua yako nimezitia motoni chini ya sufuria ya kabichi. Sikumwambia mtu kwamba ziliwahi kuwepo. Hilo ulilolitaka nimelitimiza.

Utanikasirikia. Kasirika.

Pyo Deok-su


Daegu, 1 Desemba 2003

Mzee Pyo,

Kikao kilikuwa Ijumaa. Nakuandikia leo kwa sababu juzi na jana nilikuwa bado sitaki.

Tak anabaki. Amepewa onyo la maandishi, amelikunja vizuri na kuliweka mfukoni, kesho yake alikuwa wa kwanza kazini. Jaribio linaanza upya. Panya arobaini wanafika Jumatatu ijayo, chumba kingine, hakuna atakayeingia na chakula cha aina yoyote, na watunzaji wataambiwa jina la dawa. Hilo la mwisho niliomba mimi. Wewe umepigwa marufuku kupita geti. Walitaka liandikwe kwa upole, sikujua namna, kwa hiyo nimeliandika hivyo.

Makabati ya zamani yamefunguliwa leo asubuhi. Wataanza na mimi, 1994. Mpaka wamalize, jaribio litaongozwa na mtu mwingine, nami nitakuwa chini yake. Anaweza kazi hiyo. Ni yule wa ghorofa ya tatu.

Mwenyekiti alizisoma kurasa zako zote tatu kwa sauti. Ilichukua muda, herufi nyingine aliomba tumsaidie. Mstari wa 1994 aliusoma mara mbili, akaendelea.

Kisha akaniuliza kama nilijua habari za miaka mingine kabla ya kurasa zako kufika. Mzee, ningeweza kusema hapana. Ushahidi pekee wa maandishi ulikuwa kwako, na uliutia chini ya sufuria. Niliangalia meza. Akadhani sikusikia, akapita kwenye swali jingine, na wote wakafungua ukurasa mwingine.

Nikamwambia arudi kwenye lile swali.

Ok Jin-suk